Siku ya Korongoni

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekata tena kioo cha dirisha la jikoni kwa mdogo wangu. Sikwenda hata kupima. Dirisha lile nimelikariri kama jina langu. Bosi akauliza, kazi ya nani hii? Nikasema ya nyumbani. Akanyamaza. Bosi wetu ana hekima moja tu, nayo ni kunyamaza.

Nimekwenda kukipachika mchana, shemeji akiwa barabarani na wanafunzi wake. Anafundisha udereva. Watu wote wanamwita Mwalimu – nusu ya mji huu imejifunza gia ubavuni mwake. Mpole! Mvumilivu! Mwanafunzi akigonga nguzo, yeye anamwambia tulia, tuanze upya.

Mdogo wangu kanifungulia mlango, kajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia vua. Akasema kwanza chai. Vua! Kavua. Upande wa kushoto wamemnyoa, nyuzi zimepita kama mshono wa gunia. Kioo nilichokuja kukirudishia kilivunjwa kwa kichwa chake. Si jiwe, si mpira wa watoto. Kichwa.

Kisa? Hata yeye hakikumbuki vizuri. Anasema Mwalimu hakupaza sauti. Huwa hapazi. Anampiga kwa sauti ileile ya garini – taratibu, tulia, tazama mbele.

Nikakwangua fremu. Kipande kimoja kilikuwa na nywele zake.

Nilipokuwa napaka silikoni akasema ghafla: "Dada, twende tukaogelee."

"Tukaogelee wapi? Mji wenyewe mkavu kama kisigino."

"Kule korongoni. Anakokusimulia yule mwenzako."

Kweli nilimwambia. Mrefu, kijana tunayekata naye vioo, wimbo wake wa kila siku ni huo: jangwani kuna korongo, chini yake maji ya kijani, baridi mpaka meno yanauma. Kazaliwa pande hizo. Mdogo wangu akasema, siku moja tu. Tutembee, tuogelee, basi.

Nikacheka. Mtu ana nyuzi kichwani anataka kupiga mbizi! Halafu nikaona mdogo wangu hacheki.


Alhamisi, 6 Machi

Mrefu kafurahi kama kaposwa. Wakati wa chakula kachukua kalamu nyeupe ya kuwekea alama, kachora korongo zima juu ya kioo cha mteja. Mlango wa juu – huku ndiko watu wanakoshukia. Kisha kutembea, kutembea, kuta zinapanda pande zote mbili, mbingu inabaki utepe. Kisha kuta zinakaribiana, na hapo maji yanajaa ukuta kwa ukuta. Hakuna pa kupita kwa mguu. Lazima uogelee. Ukivuka, mchanga laini, kivuli, raha mustarehe.

"Na masharti," kasema, kalamu juu kama mhubiri. Viatu vya kubana. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani. Kuingia kabla jua halijakomaa. Wingu likionekana milimani, hata dogo kama ngumi, mnarudi nyumbani bila mjadala, maana mvua ya huko juu inakuja kuwaua huku chini mkiwa mnaota jua.

"Korongo ni kama mama mkwe," kasema. "Nenda asubuhi na adabu, utakaribishwa. Nenda mchana na kiburi, utakufa kiu mlangoni."

Bosi akapita, akaona mchoro. Oda ya nani hii? Mrefu akamjibu mteja anataka dirisha la umbo la nyoka. Bosi karibu aulize kama amelipa.

Nikaupiga picha mchoro, nikamtumia mdogo wangu. Nilitegemea atafurahi. Meseji yake fupi: Huku chini linatokea wapi?

Nikamjibu, barabara ya malori. Akaandika: Sawa.


Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda kujinoa kwenye bwawa la shule – Jumamosi wanaruhusu akina mama. Mwalimu anafikiri tuko kwa mama.

Chumba cha kubadilishia nguo. Kavua shati. Nilitazama ukutani, nikatazama sakafu, nikatazama ndoo. Mgongo wa mdogo wangu! Kuna alama ya zambarau, kuna ya kijani, kuna ya njano, kila moja na tarehe yake. Na alama ya bizimu la mkanda, kamili, hata ule ulimi wake unaonekana. Mama mmoja mnene aliyekuwa anajifuta akaacha kujifuta.

Mdogo wangu akamwambia: "Nimegombana na ngazi, mama. Ngazi ikashinda."

Yule mama hakucheka. Akamfunika kwa taulo lake mwenyewe, taulo jipya, akaondoka ameloana.

Halafu majini. Ee! Nilikuwa nimesahau. Marehemu baba alitufundisha kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, mimi nikatoka naelea kama gogo, yeye akatoka samaki. Leo kaenda na kurudi, kaenda na kurudi, mpaka mlinzi wa bwawa akapuliza filimbi kwamba muda umekwisha. Alipotoka alikuwa na uso wake wa zamani. Nilitaka kumwuliza kwa nini asikae humohumo.


Jumatatu, 10 Machi

Mkono unauma kuandika. Kidole gumba kimevimba kama limau.

Mwalimu kaja karakana. Mrefu alikuwa kwa mteja, Bosi benki. Shati jeupe, kalamu mfukoni, harufu ya sabuni. "Habari za kazi, shemeji." Nzuri. "Nimesikia kuna safari." Safari ipi? "Ya korongoni. Mama kaniambia." Mama! Mimi mwenyewe nilimwambia mama, nikidhani naongea na mama.

Akanishika mkono kama mtu anayesalimia. Halafu akakishika kidole gumba, akaanza kukipeleka nyuma. Polepole. Huku ananitazama, huku anaongea – mke wangu hana afya ya kwenda majangwani, wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye wa kumshauri. Kidole kinakwenda. Taratibu, shemeji. Pumua. Tumeelewana?

Nilipiga magoti. Sakafuni kulikuwa na kipande cha alumini, fremu ya mlango wa kuteleza, kizito. Nikakishika kwa mkono wa pili nikamchapa nacho. Sijui nililenga wapi. Kilimpata shingoni na sikioni. Mlio wake! Damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha duka la dawa tulichomaliza kukisafisha.

Na niliona raha. Acha niandike ukweli, hakuna anayesoma. Niliona raha mpaka kwenye nyayo. Nikainua tena, nilitaka nimvunje mdomo, nilitaka nione meno yake yale yaliyopangana yakitawanyika sakafuni. Akarudi nyuma. Akatoa leso, akajifuta sikio, akaitazama leso. Akatabasamu.

"Sawa, shemeji," akasema. "Hii uliyonipa si yangu. Nitamfikishia mwenyewe."


Jumanne, 11 Machi

Kamfikishia.

Kifundo cha mkono wa kushoto. Mifupa miwili. Hospitali wamemtia plasta, wameandika ameanguka.


Jumatano, 12 Machi

Polisi. Askari wa zamu kajaza mashavu hewa, kaipuliza. Mwalimu yupi? Yule wa shule ya udereva? Kacheka! Kasema yule ndiye aliyemfundisha kurudi nyuma kwa vioo, mtu mstaarabu vile. Kisha kaniuliza kama ni kweli nimemshambulia raia kwa chuma, maana Mwalimu keshapita hapo jana, na sikio lake limeshonwa. Kasema, kwa roho safi kabisa, mwenye bahati ni mimi, maana hakutaka kufungua kesi.

Nikaenda kwa mama. Kakaa chini ya bati lake jipya ambalo Mwalimu kampigia kwa mikono yake. Mama: mwanaume halewi, hazururi, ukiita anaitika, mnataka nini tena? Mama: hata baba yenu. Nikamwambia baba hakuwahi. Mama akatazama pembeni. Kasema wewe ulikuwa unalala mapema.

Nikaondoka.

Nimempigia mdogo wangu. Anaongea kwa mdomo wa kuvimba. Nikamwambia tuache habari ya korongo, ona limetufikisha wapi. Akasema: "Plasta nitaifunga na mfuko wa nailoni. Mrefu kasema Machi maji yamejaa. Tutakwenda."

Kichaa. Nimezaliwa na kichaa.


Ijumaa, 14 Machi

Wamempiga Mrefu.

Wanaume watatu, wote vijana wa shule ya udereva, wanafunzi wazuri wa Mwalimu. Walimngoja nje ya geti la karakana jua bado liko juu, watu wanapita, muuza magazeti anaona. Wakamwuliza wewe ndiye unayempeleka mke wa mtu kuogelea uchi jangwani? Hakupewa nafasi ya kujibu. Mateke. Walitumia na vioo vyetu – kulikuwa na vipande kwenye pipa la taka, wakavimwaga, wakamlaza juu yake, wakamkanyaga.

Nilitoka mbio na nyundo. Walikuwa wamekwishamaliza. Mmoja alikuwa anajifuta kiatu kwenye ukingo wa barabara, taratibu, kisigino kwanza.

Nimetoa vipande mgongoni mwa Mrefu kwa koleo ndogo kabla gari la wagonjwa halijafika. Mtu mrefu vile analia kama mtoto na bado anataka kuchekesha: "Angalia usitupe... kama kuna kipande kikubwa... tutakitumia kwa mteja."

Bosi kasimama mlangoni. Leo hata yeye kasema kitu. Kasema, hawa ni wanyama. Kisha kanyamaza tena.


Jumapili, 16 Machi

Hospitali, wodi ya wanaume. Mbavu, mgongo, jicho moja limefunga. Nilikwenda kumwomba msamaha na kumwambia safari imekufa. Mrefu kasema nani kaiua? Kasema yeye alikuwa anakwenda kuonyesha watu maji tu, lakini sasa ni shauri la heshima. Kutembea hawezi. Kuendesha anaweza, mradi asiambiwe apige chafya.

Nikampigia mdogo wangu palepale, nikitegemea atatutia akili sote wawili. Wapi! Kama alikuwa na jibu mkononi: basi Mrefu atushushe mlango wa juu, azunguke na pikapu, atungojee chini kwenye barabara ya malori. "Kwa nini turudi njia ileile na jua la mchana? Tupitilize."

Mrefu kasema, mdogo wako ana akili kuliko wewe. Kweli. Tupitilize. Kwa nini halikunijia mimi?

Tumekubaliana Jumamosi. Mrefu anatoka kesho.


Jumanne, 18 Machi

Jambo la ajabu. Mwalimu kakubali!

Mdogo wangu kaniambia kwa simu, sauti ya chini, maji ya bomba yanamwagika nyuma ili asisikike. Kasema jana mezani, bila kuulizwa, Mwalimu alifuta mdomo akasema nendeni, mke wangu, mkapumzike, umekuwa na wakati mgumu. Hata kofia kamnunulia, ya majani, ukingo mpana.

"Labda plasta imemtia aibu," nikasema.

Mdogo wangu: "Dada. Tafadhali."

Kweli, ni ujinga. Lakini nilitaka niamini kwa dakika moja tu. Nilichoka.

Leo kazini nimevunja kioo kwa makusudi. Kizima. Nilikibeba mpaka uani nikakiachia. Kisha nikafagia.


Alhamisi, 20 Machi

Nimepata tyubu ya lori kwa fundi wa matairi, imezibwa kiraka lakini haivuji. Kamba ya nailoni. Tutafunga mabegi juu ya tyubu tukivuka. Mkate, mayai ya kuchemsha, matango, chumvi, madumu ya maji. Nimefurahi kupanga, nitasema uongo wa nini. Nimefurahi kama mtoto anayekwenda kwa bibi.

Mdogo wangu kaja mchana na begi lake. Nikalinyanyua. Zito! Nikamwambia tunakwenda kuogelea, hatuhami.

Akakaa kwenye kitanda changu. Akasema, "Mimi nahama."

Nikabaki nimeshika matango.

Hivyo ndivyo nilivyojua. Harudi. Kutoka barabara ya malori Mrefu atamfikisha kwenye basi la kwenda mbali, ana rafiki yake waliyesoma naye, kampangia chumba na kazi ya kushona. Stendi ya mjini asingeweza, wapiga debe wote wale ni wanafunzi wa Mwalimu. Barabara kuu vilevile. Alihitaji mlango wa nyuma wa mji huu. Na mlango wenyewe nimeupiga picha mimi, nikamtumia.

Nilikasirika! Nikamwambia kumbe siku yangu ya kuogelea ni uchochoro tu. Kumbe Mrefu kavunjwa mbavu kwa jambo asilolijua. Akasema Mrefu anajua. Tangu wodini, nilipompa Mrefu simu waongee, akamwambia. Wote wanajua, mimi tu ndiye bibi harusi wa kufichwa habari.

"Ungenizuia," kasema.

"Nisingekuzuia!"

"Ungelia, basi. Na ukilia nabaki."

Nikalia. Akanifuta kwa mkono wa plasta, ngumu, ikanikwaruza shavu. Tukacheka kidogo. Halafu akasema, akiwa bado anatabasamu, kwamba usiku wa Jumatatu Mwalimu alimkalisha kitini akamkaba shingo, akahesabu, akamwachia. Akahesabu tena, mbele zaidi, akamwachia. Kama anayemfundisha kitu. Akamwambia, umeona? Inawezekana.

Nimefunga begi lake vizuri. Nailoni mbili.


Jumamosi, 22 Machi

Niko kwenye mchanga, ng'ambo ya maji. Daftari juu ya goti. Mkono huu lazima niupe kazi. Acha niandike kwa mpangilio.

Mrefu alitushusha mlango wa juu mapambazuko. Anga safi, wingu hata la dawa hakuna. Kaguna akigeuza usukani, kapiga honi, kaondoka na vumbi lake kwenda kuzunguka. Tukashuka.

Uzuri wa mahali hapa sina maneno yake. Kuta nyekundu, zimelainishwa na maji kama upande wa ndani wa chungu. Baridi. Sauti ya viatu vyetu ilitutangulia na kutufuata. Mdogo wangu mbele, kofia ya majani kaitupa njiani, kaikanyaga kwanza. Tulitembea sana, tukapumzika, tukatembea. Kila kona ya korongo alikuwa anasema maji yale pale! Si yale. Na yalipokuwa kweli, akasimama.

Maji ya kijani. Ukuta kwa ukuta, kama alivyochora.

Kafunga plasta kwa nailoni. Karuka! Ukelele wake ulizunguka juu ya kuta ukarudi mara nyingi, kana kwamba kuna wanawake wengine huko mbele wamefurahi vilevile. Kaogelea chali, mkono wa plasta juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Nilicheka mpaka maji yakanipanda puani. Nilikuwa nasukuma tyubu na mabegi, napiga miguu, gogo lilelile la zamani. Yeye keshafika mchangani, anarudi, ananizunguka, ananirushia maji. Kwa muda ule nilisahau. Naapa nilisahau kila kitu.

Tukala mayai. Tukanyoosha miguu juani, pale jua linapofika. Ndipo mawe yakalia.

Kisha sauti. "Mke wangu."

Kuta zinaileta kutoka kila upande, huwezi kujua itazame wapi. Tukamwona. Kule tulikotoka, kwenye ukingo wa maji. Shati limechomekwa. Jasho limempiga ramani kifuani. Kaja na gari la shule mpaka mawe yalipomkataa, halafu kwa mguu, na viatu vile vya ngozi. Alikuwa hahemi. Au anahema na hataki tuone.

"Njooni," kasema. "Taratibu. Hakuna aliyekasirika."

Mkononi ana spana ya magurudumu. Kaiweka juu ya mwamba kwa adabu, kama mtu anayeweka kalamu mezani.

"Na msimsubiri mwenzenu yule. Nilikutana naye pale njia panda. Nimeshaongea naye."

Nikaitazama ile spana. Ncha yake nyeusi. Inaweza kuwa grisi. Mungu wangu, iwe grisi. Nilimwita Mrefu kwa sauti yangu yote, kama chizi, kana kwamba korongo lina masikio mpaka barabarani. Kuta zikaniitikia Mrefu, Mrefu, Mrefu. Mwalimu akangoja nimalize. Ana subira, siwezi kumnyima hilo.

Nikamshika mdogo wangu mkono, nikaikamata tyubu na mabegi juu yake. Twende! Kimbia! Njia iko wazi nyuma yetu, barabara iko huko mbele, kuna malori, kuna watu. Hakusogea. Nikamvuta, akajichomoa.

"Hajui kuogelea, dada."

"Unasemaje?"

"Hajui. Anaogopa hata beseni. Ndiyo maana nilitaka maji."

Alisema polepole, bila kuyatoa macho kwa mumewe. Na yule naye akawa ameanza kuingia. Kuna ukingo wa mwamba chini ya maji upande wa kulia, sisi hatukuuona kwa sababu hatukuuhitaji. Akapita juu yake, mgongo ukutani, ubavu ubavu. Maji magotini. Kiunoni. Spana ameirudia, kaichomeka kwenye mkanda. Anaongea muda wote – unaona, mke wangu, si mbali, mimi nakuja, wewe kaa hapohapo, hakuna haja ya kukimbia, tutaongea, dada yako atangoja pembeni. Maji kifuani. Bado anaongea. Nilikuwa nimeshika jiwe. Nilijiona nimeshika jiwe, sikumbuki kuliokota. Nikalirusha. Likampata begani, likatumbukia. Nikaokota jingine. Nilikuwa natukana, maneno ambayo sijui nimeyajulia wapi. La pili likampasua paji la uso.

Sijui kama ni jiwe langu au ni mwamba ulikwisha. Akazama. Mzima mzima, bila kelele. Akaibuka, mikono inachapa, akazama, akaibuka, akakamata kinundu cha mwamba kilichotokeza ukutani. Kakikumbatia. Maji yako kidevuni. Damu inamshuka machoni na hana mkono wa kujifutia.

Sasa anapiga kelele. Miaka yote ile sijawahi kuisikia sauti hiyo. Nyembamba. "Nirushieni! Nirushieni tyubu! Mke wangu! Shemeji!" Ananiita shemeji.

Kinundu kinateleza. Anapoteza, anakamata. Anapoteza, anakamata.

Nimemwambia mdogo wangu twende. Nimemwambia turushe. Nimemwambia yote mawili, sijui lipi kwanza. Yeye kafungua mabegi kutoka kwenye tyubu, kayapanga mchangani, la kwake na langu. Katazama kama fundo la kamba limekaza. Akanipa ncha.

"Nishikie," kasema. "Usirushe mpaka nikwambie."

Kaingia majini hadi magotini, akasimama. Mkono wa plasta kaukunja kifuani. Namwona mgongo tu. Shati limemganda, alama zote zinaonekana.

Tyubu iko miguuni pangu. Kamba nimeikanyaga ili niweze kuandika. Mwalimu haiti tena shemeji. Anaita jina la mdogo wangu, jina tupu, mara moja moja, na kila mara pengo linakuwa refu.

Namtazama mgongo.

Bado hajaniambia nirushe.